Watu 34 na Bajeti ya Shule: Wilaya Ndogo ya Shule Marekani Inavyoongozwa na Inavyopata Fedha

Mzazi wa Tanzania akiulizwa mwalimu wa kijijini kwake analipwa na nani, hana haja ya kufikiri: Serikali. Walimu wanaajiriwa na kupangiwa vituo kutoka juu, mitihani ni ya NECTA, baraza la mitihani la taifa, na ruzuku ya uendeshaji inaingia kwenye akaunti ya shule ikitoka Hazina. Kenya nako ajira na mishahara iko mikononi mwa TSC, tume ya walimu. Aliyezoea utaratibu huo akihamia Marekani, shule ya umma ya kijijini humchanganya. Anatafuta wizara, haioni. Anakuta bodi ya majirani watano au saba, bili ya kodi ya ardhi na majengo, na tangazo la mkutano lililobandikwa ukutani posta.

Katiba ya Marekani haitaji elimu popote. Yale yasiyotajwa humo ni ya majimbo, na karibu majimbo yote yameishusha kazi hiyo ngazi moja zaidi, kwa chombo kinachoitwa wilaya ya shule. Isichanganywe na wilaya ya mkuu wa wilaya. Ni serikali ndogo yenye shughuli moja tu, kusomesha watoto wa eneo fulani. Ina mipaka yake, wapiga kura wake, akaunti yake, na sehemu nyingi ina uwezo wa kutoza kodi na kukopa. Mipaka hiyo wakati mwingine inalingana na ya mji, wakati mwingine inakata katikati ya miji miwili. Tangu 1963 kuna hata wilaya inayovuka mpaka wa majimbo: Dresden, inayounganisha Norwich ya Vermont na Hanover ya New Hampshire. Ilikuwa ya kwanza ya aina hiyo nchini, na ilibidi Rais Kennedy mwenyewe atie saini sheria ya kuiruhusu.

Leo wilaya za shule Marekani ni kama 13,000. Mwaka wa masomo wa 1939/40 zilikuwa zaidi ya 117,000, nyingi zikiwa na shule ya chumba kimoja na mwalimu mmoja. Barabara za lami na mabasi ya shule viliziua taratibu. Watoto walipoweza kusafirishwa, majimbo yakaanza kusukuma wilaya ziungane. Zilizobaki ndogo mpaka leo ama ziko mbali mno na wenzao, ama wakazi wake wamekataa katakata kumezwa.

Wanaoongoza ni bodi. Wajumbe wake huchaguliwa na wakazi, na katika wilaya za vijijini kazi yenyewe kwa kawaida haina mshahara, au ina posho ndogo tu. Ni mfugaji, muuguzi, fundi magari, mstaafu. Bodi haifundishi wala haishiki ufunguo wa shule. Inaajiri mkurugenzi wa shule, inapitisha sera, inajadiliana na chama cha walimu kuhusu mkataba, na inaandaa bajeti. Mkurugenzi ndiye mtendaji. Anapendekeza walimu, bodi inaridhia. Mwalimu basi ni mwajiriwa wa wilaya ile ile, si wa jimbo, na akihamia mji wa pili huwa anaomba kazi upya. Kwa kuwa wilaya ya watoto mia moja haiwezi kumlipa mkurugenzi peke yake, New Hampshire ina utaratibu wa wilaya kadhaa kuchangia ofisi moja ya utawala. Mkurugenzi mmoja anaweza kuwa na bodi nne za kuziridhisha, na jioni zake nyingi huishia mikutanoni.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kutofautiana jimbo kwa jimbo. Hawaii imekataa mchezo mzima: jimbo zima ni wilaya moja. Katika majimbo mengine bodi ikishapitisha bajeti, basi. Kwingine wananchi huombwa kura pale tu kodi inapotakiwa kupanda kupita kiwango, au wilaya inapotaka kuuza hatifungani ili ijenge. Lakini kaskazini mashariki, katika majimbo yanayoitwa kwa pamoja New England, bajeti yenyewe inapelekwa kwa wananchi kila mwaka, New Hampshire na Vermont mara nyingi mwezi Machi, na katika miji midogo wanaipigia kura ukumbini kwa kunyoosha mikono au kwa karatasi. Utaratibu huu ni wa tangu enzi za ukoloni wa Kiingereza na wenyewe wanajivunia sana. Hata mimi naupenda, ingawa kisa kifuatacho kinaonyesha kwa nini mapenzi hayo yanahitaji tahadhari.

Croydon ni mji wa New Hampshire wenye watu wapatao 800. Una shule ndogo ya kuanzia chekechea hadi darasa la nne. Kuanzia la tano, watoto wanasoma nje, wengi katika mji jirani wa Newport, na wilaya ya Croydon ndiyo inayowalipia karo. Kwa jumla walikuwa kama 80. Jumamosi ya tarehe 12 Machi 2022 wilaya ilifanya mkutano wake wa mwaka. Bodi ilileta bajeti ya dola milioni 1.7. Mjumbe mmoja wa baraza la mji, ambaye mkewe alikuwa mwenyekiti wa bodi hiyo hiyo ya shule, akasimama na hoja ambayo wengi hawakuitarajia: bajeti ipunguzwe hadi dola 800,000. Hesabu yake ilikuwa nyepesi, dola 10,000 kwa kila mtoto, akidai kiasi hicho kinatosha.

Walioipigia kura hoja ile walikuwa 34. Ishirini walikubali, 14 walikataa. Bajeti ikakatwa zaidi ya nusu mchana kweupe, kihalali kabisa.

Msomaji atauliza akidi, yaani idadi ya chini ya wahudhuriaji, ilikuwa wapi. Haikuwepo, maana mkutano wa kawaida wa mwaka hauna akidi. Wakifika kumi, hao kumi ndio mji. Tangazo linabandikwa mapema, hoja zinaorodheshwa, na sheria inachukulia kwamba asiyekuja ameridhika. Lakini tangazo lilitaja bajeti ya milioni 1.7, watu waliosoma wakaona ni yale yale ya kila mwaka, wakabaki nyumbani. Hawakukumbuka kwamba kiasi kilichotangazwa kinaweza kurekebishwa pale pale ukumbini. Asiyekuwepo na lake halipo, na Croydon methali hiyo ilipata nguvu ya sheria.

Nyuma ya hoja kulikuwa na mvutano mkubwa kuliko mji wenyewe. Tangu 2003 kuna vuguvugu linalohimiza watu wanaotaka serikali iwe ndogo kadiri inavyowezekana wahamie New Hampshire kwa wingi ili wawe na sauti, na mtoa hoja alihusishwa nalo. Wapo wanaoliona kuwa uvamizi. Mimi naona kwamba jimbo lenye miji midogo, mikutano isiyo na akidi na mahudhurio hafifu ni mahali pepesi pa kujaribu wazo lolote, liwe la mrengo wowote. Aliyesoma kanuni hashindi kwa hila. Anashinda kwa sababu wengine hawakuzisoma.

Madhara yalionekana haraka. Karo ya Newport ilikuwa juu sana ya dola 10,000, kwa hiyo wazazi wangelazimika kuongeza maelfu ya dola mfukoni kwa kila mtoto. Bodi ikaanza kutafuta njia za bei rahisi, ikiwamo vikundi vidogo vya wanafunzi wanaojifunza kwa kompyuta chini ya mwangalizi. Wazazi wakakusanya saini kudai mkutano maalumu. Huko kanuni ni nyingine: ili kura ihesabike, angalau nusu ya wapiga kura walioandikishwa walitakiwa wawepo, yaani watu 283. Kwa hiyo aliyetaka makato yabaki hakuwa na haja ya kubishana na mtu. Kukaa nyumbani kulitosha. Wiki nane zilipita watu wakigonga mlango kwa mlango, wa vyama vyote viwili. Tarehe 7 Mei walifika 379. Kura zikawa 377 kwa 2 za kurudisha bajeti ya awali.

Kisa hiki kilisimuliwa Marekani nzima kama ushindi wa demokrasia, na ni kweli. Kilichosimuliwa kidogo ni vitu ambavyo kura zote mbili hazikuvigusa. Mkutano unapitisha jumla ya fedha. Jinsi jumla hiyo inavyogawanywa ni juu ya bodi. Wananchi wanaweza kupunguza laki moja wakidhani wamefuta safari za michezo, kesho yake bodi ikaikata kwenye maktaba. Tena sehemu kubwa ya jumla imeshafungwa kabla ya mkutano kufunguliwa. Karo inapangwa na mji unaopokea watoto. Mkataba wa walimu, ukishapita, unadaiwa kama deni lolote. Idadi ya siku za masomo na sifa za walimu ni amri ya jimbo.

Kisha kuna elimu ya watoto wenye ulemavu. Sheria ya shirikisho, yaani ya taifa zima, ya 1975 inampa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu inayomfaa, bila malipo, na ni moja ya sheria njema kabisa za nchi ile. Bunge la Washington lilipoipitisha liliahidi kubeba hadi asilimia 40 ya gharama ya ziada. Halijafika hapo hata mwaka mmoja. Kwa jiji kubwa pengo hilo linatawanyika. Kwa wilaya ya watoto 80, familia moja ikihamia mjini na mtoto anayehitaji uangalizi wa mtu mmoja kwa siku nzima, pamoja na usafiri wa kwenda kituo maalumu, bajeti ya mwaka inapinda. Majimbo mengi yana mfuko wa kusaidia gharama kubwa za namna hiyo, lakini kwa kawaida fedha hurudishwa baadaye na si zote. Ndiyo maana kwenye mikutano hii utasikia minong'ono ya aibu, watu wakijaribu kukisia ni mtoto wa nani. Katika mji wa watu 800 kukisia si kazi.

Fedha yenyewe inatoka wapi? Kwa nchi nzima, mchango wa serikali ya shirikisho kwa kawaida hauzidi sana dola moja katika kila kumi. Zinazobaki wanagawana jimbo na wilaya, karibu nusu kwa nusu kwa wastani. Ila wastani huo unaficha mengi. New Hampshire haitozi kodi ya mishahara wala kodi ya jumla ya mauzo. Raha kwa mfanyakazi, raha kwa mnunuzi, lakini bili lazima itue mahali, nayo inatua juu ya ardhi na nyumba. Zaidi ya nusu ya fedha za shule jimboni humo hutoka kwenye kodi hiyo.

Inavyotozwa ni hivi. Mthamini anakadiria thamani ya kila nyumba, shamba na duka. Fedha ambazo wilaya inahitaji, baada ya kutoa msaada wa jimbo, zinagawanywa kwa jumla ya thamani hiyo, na jibu linaandikwa kama dola kadhaa kwa kila dola 1,000. Chukua miji miwili ya kubuni, yote ikihitaji dola milioni 5 za shule. Wa kwanza uko kando ya ziwa, umejaa nyumba za mapumziko za matajiri wa Boston, na thamani ya mali yake ni dola bilioni 2. Kiwango chake ni dola 2.50. Wa pili ni mji wa kiwanda kilichofungwa, mali yake yote ni dola milioni 250. Kiwango chake ni dola 20. Mwenye nyumba ya dola 300,000 ziwani analipa 750 kwa mwaka. Mwenye nyumba ya thamani ile ile kwenye mji wa kiwanda analipa 6,000, na shule anayopata si bora zaidi. Kwa kuwa maskini ndiye anayetozwa kwa kiwango kikubwa, mji wake hukata bajeti mapema. Wazazi wenye uwezo wanahama, thamani ya nyumba inashuka, kiwango kinapanda tena.

Kwamba hili si haki halikuwahi kuwa siri. Mwaka 1973 wazazi wa San Antonio, Texas, walilifikisha Mahakama ya Juu ya Marekani wakashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Majaji walisema elimu si haki inayolindwa na katiba ya shirikisho. Tangu hapo vita vimehamia mahakama za majimbo, kwa sababu katiba za majimbo, tofauti na ile ya taifa, zinaitaja elimu. Ya New Hampshire, ya mwaka 1784, inawaagiza wabunge na mahakimu waienzi. Wilaya tano zenye mali kidogo, zikiongozwa na Claremont, zilishtaki jimbo. Mwaka 1993 mahakama ya juu ya jimbo ilisema kuienzi elimu ni wajibu, si pambo la maneno. Mwaka 1997 ikaenda mbali zaidi: kama elimu ya msingi ni wajibu wa jimbo, basi kodi inayoigharimia ni kodi ya jimbo, na kodi ya jimbo haiwezi kuwa na viwango tofauti kila mji.

Bunge likajibu mwaka 1999 kwa ujanja unaostahili kutazamwa vizuri. Liliunda kodi ya ardhi ya jimbo zima kwa ajili ya elimu. Kwenye bili ina mstari wake. Lakini inakusanywa na mji na kwa kawaida inabaki mjini humo humo. Kilichobadilika zaidi ni jina. Juu yake jimbo linatoa kiasi cha msingi kwa kila mwanafunzi, ambacho kilifikia kama dola 4,100, wakati gharama halisi ya kumsomesha mtoto mmoja ni mara kadhaa ya hapo. Wilaya nyingine zikaenda mahakamani mwaka 2019, na tarehe 1 Julai 2025 mahakama ya juu ikakubaliana na jaji wa chini kwamba kiasi hicho hakitoshi kikatiba na kwamba kisipungue dola 7,356. Kwa wilaya ya watoto 80 tofauti hiyo inazidi dola 260,000 kwa mwaka. Mahakama haikuamuru zilipwe mara moja, iliwaachia wabunge. Na mbunge wa New Hampshire anayependekeza kodi mpya kwa kawaida huwa anaandika barua yake ya kustaafu.

Ukivuka mto Connecticut unaingia Vermont, jimbo la milima ile ile na vijiji vile vile. Huko nako mahakama iliukataa mfumo wa zamani mwaka 1997, lakini wabunge walitii ndani ya miezi michache. Fedha za shule zikaingizwa kwenye mfuko mmoja wa jimbo. Kijiji bado kinapiga kura juu ya bajeti yake, ila kiwango cha kodi kinafuata matumizi kwa kila mwanafunzi, si utajiri wa ardhi ya kijiji. Miji miwili inayotumia sawa inatozwa sawa, na wakazi wengi wanalipa kwa kuangalia kipato chao. Ni mfumo wa haki zaidi, sioni ubishi. Una tatizo lake: kila kijiji kinachagua matumizi yake, lakini bili inategemea pia vijiji vingine vyote vilichagua nini. Mwaka 2024 kodi ziliporuka, karibu theluthi moja ya bajeti za shule ziliangushwa kwenye kura ya Machi, na waliopiga "hapana" wengi wao walikuwa wanaiadhibu hesabu ya jimbo, si shule yao. Tangu 2015 jimbo limekuwa likizisukuma wilaya ndogo ziungane, na sheria ya 2025 inataka zipungue zaidi. Anayelipa kutoka mfuko wa pamoja, mapema au baadaye, hutaka pia kusema shule ngapi zibaki wazi.

Wilaya nyingine za vijijini zina shida ambayo hata kijiji maskini cha New England hakina: ardhi yao haina wa kutozwa. Magharibi mwa nchi kuna kaunti ambazo zaidi ya nusu yake ni msitu wa taifa, na serikali ya shirikisho hailipi kodi ya ardhi. Tangu 1908 zilipewa robo ya mapato ya misitu hiyo kwa ajili ya barabara na shule. Uvunaji wa magogo uliposhuka miaka ya 1990, Oregon na jirani zake wakajikuta shule zao zinakosa fedha kwa sababu ya uamuzi uliopitishwa kulinda bundi wanaoishi misituni humo. Mwaka 2000 Bunge la Washington likaanzisha malipo ya kuziba pengo, lakini ni ya muda, na kila yanapokwisha wakurugenzi hupanga bajeti mbili, moja ya yakija na moja ya yasipokuja. Zipo pia ruzuku za shirikisho za wilaya zenye wanafunzi chini ya 600, na fedha za chakula cha mchana tangu 1946. Zinasaidia, ila kila moja ina fomu zake, na wilaya ndogo haina karani wa kuzijaza.

Limebaki swali la nani anapiga kura, na linawahusu Waswahili wengi kuliko wanavyodhani. Familia za Wakongo zilizohamishiwa Manchester na Concord za New Hampshire, au Burlington ya Vermont, kutoka kambi za Burundi, Tanzania na Uganda zina watoto katika shule hizi, na kodi ya ardhi wanaichangia kupitia pango hata kama hawamiliki hata tofali. Kura, karibu kila mahali, ni ya raia peke yake. Asiye raia anaweza kuingia mikutano ya bodi, kwa kuwa iko wazi kwa umma, na bajeti lazima ipitie kikao cha wazi kabla ya kura. Winooski, mji mdogo wa Vermont wenye wakimbizi wengi, uliamua tofauti. Mwaka 2021, baada ya bunge la jimbo kuishinda kura ya turufu ya gavana, wakazi wasio raia wenye makazi ya kudumu au hadhi nyingine halali waliruhusiwa kupiga kura za mji na za shule. Burlington ikafuata 2023. Kwa uchaguzi wa gavana au rais bado wanasubiri uraia. Kwa bajeti ya shule, wanaingia kwenye foleni na wengine.